Rangi Nilizofundisha Bila Kuziona

Vijana wangu mnaoshika chaki sasa, hasa ninyi mliopewa somo la sanaa kwa sababu tu mwalimu mwingine hakupatikana, nawaandikia haya nikiwa nimestaafu, sina tena cha kupoteza. Sijioni bingwa. Mimi ndiye yule mwalimu aliyesimama mbele ya ukumbi mzima kule chuoni Makumira akatangaza kwamba mashine ya watu imeharibika, kumbe mbovu alikuwa yeye.

Ilikuwa semina ya walimu wa sanaa. Hatukufika thelathini. Niliketishwa safu ya mbele, kwenye kiti chenye mto, kwa kuwa nilikuwa na mvi na nilikuwa nimefundisha somo hilo miaka kumi na minne katika sekondari moja kwenye mteremko wa Meru. Mtoa mada alikuwa binti mhadhiri, umri wa kuwa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia kwa heshima zote, kisha akawaambia wenzake kwamba mada ya siku hiyo ni wale wachoraji wa Kifaransa waitwao Waimpreshonisti, na wakikwama popote, mzee yupo. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea kusifiwa.

Akawasha projekta. Ukutani yakatokea marundo mawili ya majani makavu shambani, jua likiwa chini. Kabla hajauliza kitu, nikanyoosha mkono nikamtaja mchoraji, na nikaeleza nimemjuaje: mipigo ya brashi ni mifupi, imepinda kama koma, koma juu ya koma. Watu wakapiga makofi. Ningeketi hapo, leo ningekuwa mzee mwenye heshima zake. Lakini kuna kitu kilinisumbua macho. Vivuli vya yale marundo vilikuwa vya bluu, na pembeni vikaingia zambarau. Nikasema, kwa upole wa mtu anayetaka kusaidia, "Samahani mwalimu, mashine yenu ina hitilafu kidogo. Kivuli kimegeuka bluu."

Yule binti akaitazama mashine, akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Mashine ni nzima, mzee wangu," akasema. "Ndivyo alivyokichora."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Waliinamisha vichwa wakajifanya wanaandika.

Sasa mtauliza, mtu anafundishaje wachoraji wanaosifiwa kwa rangi kwa miaka kumi na minne, na rangi zao hazijui? Ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mimi nilisomea Jiografia. Siku moja mkuu wetu wa shule, Mama Anaeli, aliniita ofisini akaniambia mwalimu wa sanaa amehama, nami nina mwandiko mzuri ubaoni, kwa hiyo somo ni langu. Nikamwambia mwandiko si uchoraji. Akasema hata ramani zangu za mito ni nzuri. Nikakubali, maana zilikuwa nzuri kweli. Majivuno, vijana, yamenipeleka kwenye shimo mara nyingi kuliko ujinga.

Nilirithi kabati moja na kitabu kimoja. Kabatini mlikuwa na penseli, rula na panya. Rangi haikuwemo, wala brashi. Kitabu hakikuwa na jalada, kilianzia ukurasa wa tisa, na picha zake zote zilipigwa chapa nyeusi na nyeupe. Marundo yalikuwa ya kijivu, maua ya majini ya kijivu, na mashavu ya wale mabinti wa Kifaransa ya kijivu kama ya mtu aliyepepeta majivu. Maelezo yake kwa Kiingereza yalisifu rangi kurasa nzima. Kulikuwa na neno moja waliloliandika kila mara kuhusu mwanga wa asubuhi. Nikalitafuta kwenye kamusi, nikakuta maana yake ni "kama jiwe fulani", na jiwe lenyewe sijawahi kuliona hadi leo. Wanafunzi waliponiuliza, nikawaambia ni rangi ya loshoro, yale mahindi yetu ya kuchanganya na maziwa mgando. Waliandika. Wako watu wazima Arusha hii, wengine na nyadhifa zao, ambao mpaka leo wanaamini jua la Ufaransa huchomoza na rangi ya loshoro.

Majina ya Kifaransa nayo yalinishinda. Kila nilipoyatamka, darasa lilidhani nimepaliwa. Nikawapa wachoraji majina yetu. Wa marundo nilimwita Mzee Rundo. Aliyependa kuchora watu wakicheza dansi na kula chini ya miti, nilimwita Mzee Sherehe. Wa tatu alikaa ndani na wasichana wanaojifunza kucheza jukwaani, huyo akawa Mzee Mazoezi. Wa nne alichora njia za vijijini na wakulima walioinama, nikamwita Mzee Subira. Na alikuwepo mwanamke mmoja, mchoraji wa akina mama na watoto wao, huyo akawa Mama Mlezi. Majina yalikaa vichwani vizuri mno. Katika mtihani wa mwisho, ule usiosahihishwa na mimi, mvulana mmoja aliandika kwamba Mzee Sherehe alizidi wenzake kwa ngozi laini. Sijui msahihishaji alifikiri ni nani huyo.

Lakini niwape na kilicho changu, maana si kila nilichofundisha kilikuwa takataka. Picha isiyo na rangi inakulazimisha utazame mkono. Nilikuwa naziba jina la mchoraji kwa kipande cha karatasi, naweka picha mbili kando kwa kando, nawauliza wanafunzi swali moja tu: huyu na huyu, mikono yao inatofautianaje? Mzee Rundo hana haja na kitu chenyewe, anataka hewa iliyokizunguka, ndiyo maana kingo za vitu vyake zinayeyuka. Alirudi kwenye rundo lile lile asubuhi, mchana na jioni, kama mtu aliyesahau alichokifuata. Mzee Sherehe naye hulainisha, ila mipigo yake ni mirefu na myepesi kama manyoya ya kuku, na anampenda mtu kuliko hewa. Mzee Mazoezi hataki kabisa habari za kukaa juani. Anachora mistari kwanza, kwa uhakika, halafu anakata watu pembeni ya picha, mguu huku, nusu ya kichwa kule, kama mpiga picha wa harusi aliyekunywa. Mzee Subira anadonoa kidogo kidogo, kama mtu anayepanda maharage, shimo moja punje mbili. Mama Mlezi ana kingo imara, na mtoto wake mapajani ana uzito. Ukimtazama unajua goti la mama limekufa ganzi.

Hayo niliyaona kweli, kwa macho yangu, kwenye kijivu. Kama ningeishia hapo, nisingekuwa na la kuungama. Tatizo langu ni kwamba nilitaka kufundisha na nisichokiona.

Alikuwepo msichana wa kidato cha tatu aliyeitwa Naserian. Alitoka upande wa magharibi ya mlima, kwao ni wafugaji wanaolima, na likizo zote alichunga ng'ombe wa baba yake. Alikuwa mkimya, mrefu, mwenye tabia ya kutazama jambo hadi wewe unayetazamwa unajishuku. Nikatoa jaribio. Swali la nne liliuliza: vivuli katika picha ya marundo vina rangi gani? Jibu langu, nililoliandika kwenye karatasi ya kusahihishia kwa wino mwekundu, lilikuwa "nyeusi na kijivu". Ndivyo kitabu kilivyoonyesha. Sikuona kichekesho chochote.

Naserian aliandika kwamba picha haina rangi, kwa hiyo hawezi kujua. Akaongeza kwamba kama mchoraji alikuwa anatazama kweli, basi vivuli hivyo si vyeusi, kwa sababu kivuli cha ng'ombe asubuhi kwenye vumbi jeupe kina bluu ndani yake, na jioni kinaelekea zambarau.

Nikampa mbili kwa kumi. Si hivyo tu. Nililisoma jibu lake mbele ya darasa, kwa sauti ile tunayoitumia walimu tukitaka kuchekesha, nikamuuliza kama ng'ombe wa kwao wamepakwa wino. Darasa likacheka sana, na mimi nikacheka nao. Yeye hakulia wala hakuinamisha kichwa. Alinitazama tu. Muhula ulipoisha, akaacha sanaa akachukua Biolojia.

Turudi sasa Makumira. Wakati wa chai sikwenda kwenye chai. Nilizunguka nyuma ya ukumbi, nikasimama mbele ya tangi la maji, nikatazama kivuli chake kwenye sakafu ya saruji. Nilitazama kama mtu anayesoma barua ya daktari. Hakikuwa cheusi. Kadiri nilivyokazia macho ndivyo nilivyoiona ile bluu, nyembamba, imelala juu ya saruji kama maji ya kufulia. Miaka hamsini na kitu nimetembea juu ya vivuli, na hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kukiona.

Mama mmoja wa jikoni akapita na ndoo, akaniuliza kama nimedondosha kitu. Kwa aibu nikasema kalamu. Akaweka ndoo chini, akainama tukatafuta wote. Alitafuta kwa moyo kuliko mimi, hadi chini ya tangi, na mwishowe akanipa pole na kalamu yake.

Jumatatu niliingia darasani nikawaambia wanafunzi wafungue daftari, wakate mstari juu ya kila nilichowapa kuhusu rangi. Mmoja akauliza, "Na loshoro, mwalimu?" Nikamwambia loshoro nayo. Kisha nikawatoa nje, wanafunzi arobaini, tukasimama tukizunguka kivuli cha mlingoti wa bendera. Mama Anaeli alitoka ofisini akidhani pameonekana nyoka. Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akatazama chini kwa muda, akasema yeye anaona kivuli tu, na kengele ya Hisabati imeshalia.

Huu ndio ushauri wa kazi ninaoweza kuwapa bila haya. Ukikosea mbele ya darasa, sahihisha mbele ya darasa hilo hilo, mapema, wala usitafute maneno ya kujifunika. Wanafunzi hawakunidharau kama nilivyoogopa. Waliniuliza maswali mengi zaidi, mengine magumu kabisa, na nikajifunza kusema "sijui" hadi likanitoka bila kukwama kooni. Lakini darasa nililolikosea zaidi lilikuwa limeshamaliza shule. Naserian sikujua yuko wapi.

Nilistaafu. Nikarudi kwenye kahawa yangu na migomba. Mchana unakuwa mrefu ukiwa huna kengele, na katika urefu huo yule msichana alikuwa anakuja kunitazama. Nilijiambia nimeua kipaji. Nilijipa ukubwa katika maovu, kama nilivyojipa zamani katika ramani za mito. Halafu, kwenye harusi moja ya usharikani, mwanafunzi wangu wa zamani akanieleza kwamba Naserian ana duka la rangi za nyumba kule Moshono, na kwamba mafundi wanatoka mbali kumfuata kwa sababu anachanganya rangi kwa jicho, na akikuchanganyia leo, mwezi ujao anakupa ile ile.

Nilikaa wiki mbili nikipanga maneno. Mke wangu, Mama Elia, alinisikia nikiyasema peke yangu shambani, akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia na mwanafunzi. Akatazama migomba, akaenda zake.

Nilifika dukani asubuhi. Alikuwa nyuma ya kaunta, mama mzima sasa, mikono imetapakaa rangi ya krimu hadi kwenye viwiko, anakoroga kopo kwa mti.

"Shikamoo mwalimu," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Marahaba mwanangu. Kumbe unanikumbuka."

"Nimsahauje mwalimu wa Mzee Rundo?"

Akanipa kiti. Nikasema maneno yangu yote niliyoyapanga: jaribio, mbili kwa kumi, wino wa ng'ombe, kicheko cha darasa, mashine ya Makumira. Nikamwambia kwamba alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga, na kwamba kwa ajili yangu aliliacha somo ambalo lilikuwa lake. Yeye aliendelea kukoroga. Nilipomaliza, akaufuta ule mti kwenye ukingo wa kopo, akauweka pembeni.

"Mwalimu, sikuacha kwa sababu ya kuchekwa," akasema. "Niliona hujui. Na kwetu mtoto hamsahihishi mtu mzima mara mbili. Ningebaki pale ningesema tena, ungeaibika mbele ya watoto. Nikaona bora niende Biolojia."

Nje fundi mmoja alikuwa anapakia makopo kwenye pikipiki.

"Kwa hiyo ulikuwa unanionea huruma," nikasema.

"Sana."

Vijana wangu, nilikuwa nimebeba mzigo ule miaka yote nikidhani nilimvunja mtoto. Kumbe mtoto alinibeba mimi, akanishusha taratibu, akaenda zake bila kumwambia mtu. Sikujua nicheke au nifanye nini. Nikacheka, na yeye akacheka, na hapo ndipo nilipotoa kitambaa nikajidai nafuta jasho.

Aliniuliza kama nimewahi kupaka rangi kwa mkono wangu. Nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi hata siku moja. Miaka yote ile nilifundisha kuogelea nikiwa nimesimama nchi kavu. Akaingia nyuma, akarudi na makopo matano ya mabaki yaliyorudishwa na mafundi, kipande cha plaiwudi na brashi mbili zilizotumika. Nikamuuliza nyeusi iko wapi. Akasema nyeusi hanipi, na nikitaka giza nilitengeneze kwa hizo nilizopewa.

Nikaanza mazoezi uani kwangu, na nikajifunza kwa wiki moja kuliko katika kile kitabu chote. Nilijaribu koma za Mzee Rundo, zikawa funza. Nilimweka Mama Elia kwenye kigoda nikamchora kwa ulaini wa Mzee Sherehe, akatokea kama kuku aliyenyeshewa, na hakuniandalia chai siku hiyo. Nilijaribu ujasiri wa Mzee Mazoezi wa kukata pembeni, nikamkata mbuzi kichwa kizima, na picha iliyobaki haikueleweka ni ya nini. Mama Mlezi sikumgusa. Kuna watu unajua mapema huwawezi. Mzee Subira ndiye aliyenikubali kidogo, donoa, subiri, donoa, ingawa magoti yangu hayana subira aliyokuwa nayo yeye. Kuanzia hapo nikawaheshimu wote kwa namna mpya, maana mkono wangu ulishaonja walichokuwa wanakifanya. Msiwafundishe watoto tofauti za wachoraji kwa maneno matupu. Wapeni rangi yoyote, hata ya ukuta, hata ya udongo, wakosee wenyewe.

Picha ya nane ndiyo niliyothubutu kuiegemeza ukutani jikoni. Nilichora kahawa yangu chini ya migomba, saa sita mchana, jua limesimama juu ya kichwa, joto lile linalowanyamazisha hata ndege. Nilikaa pale siku nne mfululizo, saa ile ile, shingo ikaungua. Vivuli nilivipa bluu kwa moyo wote, pengine kupita kiasi, kama mtu aliyeokoka juzi.

Mama Elia aliingia na kuni, akaziweka chini, akasimama mbele ya ile picha. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa nimeshajifunza kutoomba sifa katika nyumba ile. Alitazama majani, akatazama chini kwenye vivuli, akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akavuta kanga yake akajifunika mabega.

"Hapa pana baridi," akasema. "Ni alfajiri hii, eti? Kabla umande haujakauka."

Nikamwambia ndiyo, ni alfajiri.